Madoa ya Kutu kwenye Gari la Maziwa

Watu wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walimjua Celina kwa sufuria zake. Kila asubuhi alichutama uani, akachota mchanga, akashika nyuzi za chuma za kusugulia vyombo, akasugua mpaka sufuria ikametameta. Wapangaji wenzake walimtania kwamba siku moja ataitoboa. Yeye hakujali. Kwake, sufuria yenye masizi ilikuwa aibu tupu.

Mumewe, Kasmir, alikuwa muuza maziwa. Aliyachukua Pugu alfajiri, akayapeleka Kariakoo na kwenye migahawa ya Posta. Mwaka huo alinunua gari kuukuu. Ubavuni lilikuwa na mabati ya chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Akiba yao yote iliishia humo. Sasa walingoja kibali cha Bwana Afya, mkaguzi wa manispaa. Angekuja Ijumaa. Gari chafu lisingepata kibali, na bila kibali wasingeuza maziwa tena.

"Kuliosha niachie mimi," alisema Celina.

Akateka maji kisimani. Akachukua mchanga na nyuzi zake, akalivamia gari bila huruma. Kasmir aliporudi, jua lilikuwa linawaka kwenye mabati.

"Mama Mektilda, hili ni gari au kioo?" alisema huku akicheka.

Celina alilala na furaha yake. Lakini Jumatano asubuhi mumewe alimwita nje kwa sauti ya chini. Madoa ya kahawia yalikuwa yametapakaa ubavu mzima.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema Kasmir. "Yule bwana wa Mchafukoge aliyeniuzia aliapa kwamba chuma hiki hakishiki kutu. Nakwenda kumkaba anirudishie fedha zangu."

Celina aliyatazama madoa. Angeweza kunyamaza, lawama zikaenda Mchafukoge. Hakuweza.

"Baba Mektilda, ngoja kwanza. Nililisugua kwa mchanga. Na zile nyuzi za sufuria."

Wakati huo Bi Kuruthumu, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku hospitali.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu," alisema Celina.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmenuna mapema hivi?"

Walimweleza. Bi Kuruthumu akapitisha kidole kwenye bati.

"Gari halina kosa," alisema. "Hospitali tuna trei za chuma hiki hiki. Zilisuguliwa hivi hivi, zikatoka madoa. Chuma hiki kina ngozi nyembamba, huioni kwa macho. Hiyo ndiyo inayokilinda. Mchanga umeichubua. Na nyuzi zako ni chuma cha kawaida. Zimeacha vipande vidogo sana, na hivyo ndivyo vilivyoshika kutu."

"Lakini niliosha kwa maji mengi," alisema Celina.

"Maji ya wapi?"

"Ya kisimani."

"Hayo yana chumvi, mwanangu. Na upepo wa bandarini nao unaleta chumvi. Umekionea chuma cha watu."

Machozi yalimlengalenga Celina. "Kwa hiyo limeharibika?"

"Halijaharibika. Mikwaruzo itabaki, lakini kutu itatoka. Lete maji ya bomba, sabuni, ndimu na vitambaa laini."

Kasmir akaenda mwenyewe bombani na ndoo. Celina aliosha vumbi kwanza kwa sabuni. Kisha akalowesha kitambaa kwa maji ya ndimu, akajaribu pembeni kabla ya kugusa kwingine.

"Usizungushe mkono," Bi Kuruthumu alimwambia. "Fuata mistari ya chuma ilivyolala. Doa likikaidi, rudia taratibu. Usilitilie nguvu."

Doa la kwanza likafifia, kisha likatoweka. Celina akacheka kwa sauti.

"Sasa suuza vizuri," alisema Bi Kuruthumu. "Ndimu ikibaki hapo nayo inadhuru. Halafu kausha kwa kitambaa, maji yasikaukie juu yake. Mwisho paka nta ya magari, kidogo tu, uizuie chumvi. Na kila wiki lioshe tena kwa maji ya bomba."

Ijumaa Bwana Afya alifika. Alifungua milango, akainama, akapapasa mabati kila upande. Celina alisimama mlangoni mwa nyumba akingoja.

"Nani analiosha gari hili?" aliuliza Bwana Afya.

"Mke wangu," alijibu Kasmir, na kifua kikamjaa.

"Hongera, mama. Kibali mmepata. Wenzenu wenye mabati kama haya wanayaacha yanaoza. Nitawaambia waje kwako."

Celina alidhani ni maneno ya adabu tu. Lakini Jumapili baada ya kanisa alikuta magari mawili ya maziwa na basi moja yamepangana mbele ya nyumba. Wenyewe walikuwa wamesimama na mchanga kwenye ndoo, tayari kwa kazi.

"Mwageni mchanga huo," alisema Celina. "Kisha nendeni bombani."

Wanaume wale walitazamana. Wakakunja mikono ya mashati, wakabeba ndoo zao, wakaenda bombani.