Kadi ya Rosebella

Kila asubuhi kabla ya shule, Kadzo alifagia ua wa nyumba yao huko Majengo. Wapangaji sita walitumia mfereji mmoja na bafu moja. Akimaliza, aligonga mlango wa Dada Rosebella, aliyemfundisha hesabu wakinywa chai ya rangi.

Watu wazima walijua kuwa Rosebella alijipatia riziki kwa kuuza ngono. Mama yake Kadzo, Sidi, alimwambia bintiye maneno machache tu juu ya jambo hilo: "Ni kazi yenye hatari nyingi, naye mwenyewe anazijua. Wewe msalimie kwa heshima."

Jumatatu, Rosebella alipotoka kuchota maji, Kadzo aliona mezani kadi ya kliniki ya zahanati. Akaisoma: homa ya ini aina ya B. Shuleni alimnong'oneza Nasiha, binti wa chumba cha pili, akamwapisha asimwambie mtu. Ilipofika jioni, nyumba nzima ilijua. Sahani na kikombe cha Rosebella vilitengwa. Jumatano mwenye nyumba, Bi Lamis, alimtaka ahame ifikapo Ijumaa.

"Sina ugomvi nawe," alisema, "lakini nina wajukuu hapa."

Alhamisi Kadzo alitoka shuleni akaenda moja kwa moja zahanati.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?" aliuliza muuguzi Eddah.

"Kuna mtu nyumbani ana homa ya ini B. Anaitwa..."

"Jina liache. Hapa majina ya wagonjwa hayatoki. Uliza unachotaka kujua."

"Tutaambukizwa kwa kikombe chake?"

"La. Wala kwa chakula, wala kwa kukumbatiana. Virusi hivyo hupita kwa damu na kwa kujamiiana bila kinga. Mama pia anaweza kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Nyinyi watoto wengi mlichanjwa mkiwa wachanga. Wakubwa wengi hawakuchanjwa." Eddah akamtazama. "Nyumbani mmejuaje?"

Kadzo aliinamisha kichwa. "Nilisoma kadi yake. Nikasema."

"Naweza kuja kuzungumza na wakubwa. Lakini mwenye ugonjwa akubali kwanza, na wa kumwendea ni wewe."

Kadzo alimkuta Rosebella akikunja nguo na kuzitia begini.

"Dada, kadi yako niliisoma mimi. Nikamwambia Nasiha. Nisamehe."

Rosebella aliketi kitandani.

"Siku zote hizi nawalaumu watu wa kliniki," alisema. "Nilidhani wao ndio waliotoa siri. Hata wenzangu kazini nimewakataza kwenda. Wawili wamebakiza sindano ya mwisho ya chanjo."

"Waambie waende. Kosa ni langu, si la kliniki. Na muuguzi wa zahanati yuko tayari kuja kuzungumza na wakubwa, ukikubali."

"Umeniumiza, Kadzo. Siwezi kusema hukuniumiza." Alikunja gauni moja zaidi. "Haya. Mwambie huyo muuguzi aje."

Ijumaa alasiri Eddah aliketi kwenye kigoda uani, akaeleza kila kitu polepole. Bi Lamis alisikiliza huku amekunja mikono.

"Hebu nionesheni mnachokatia kucha," Eddah alisema mwishoni.

Mama yake Nasiha akaleta wembe uliochomekwa kwenye ufa wa ukuta wa bafu.

"Huu ni wa nani?"

"Wa nyumba."

"Kila mtu anautumia?"

"Kila mtu."

"Kikombe mmekitenga," Eddah alisema, "na wembe wenye damu za watu mnautumia wote."

Bi Lamis alikunjua mikono.

"Kupimwa na kuchanjwa ni siku gani?"

"Jumatatu, kuanzia asubuhi."

"Basi tutakuja." Akamgeukia Rosebella. "Nilikosea, mwanangu. Rudisha nguo zako kabatini. Jumatatu utatutangulia, wewe ndiwe unayeijua njia."

Jioni ile Sidi alimketisha bintiye karibu na jiko.

"Leo umefanya vyema, lakini hilo halifuti ulichofanya Jumatatu. Habari ya afya ya mtu ni yake mwenyewe. Ikitangazwa, ataogopa kwenda kliniki, na wenzake wataogopa pia. Hapo ndipo ugonjwa unapopata nafasi ya kuenea."

"Nimeelewa, mama."

"Na siku nyingine ukikosea," Sidi alisema, akimkabidhi mwiko, "usingoje mpaka Alhamisi."