Sala ya Nusu Dakika

Ninachotaka kukuambia hutakiamini, na sikulaumu. Hata mimi ningesimuliwa na mtu ningemwambia akadanganye watoto wa chekechea. Lakini nilikuwepo. Sauti ya bibi yangu ilipita barabarani ikipiga kampeni, na bibi yangu mwenyewe alikuwa ameketi jikoni anachambua mchele.

Sasa sikia ilivyoanza.

Naishi na Bibi. Asubuhi yeye anafagia uwanja, mimi natafuta chaja. Akinikuta nimeinama kwenye simu ananiambia, "Hiyo simu ingekuwa shamba, mjukuu wangu, tungekuwa tumeshavuna mara mbili." Mtaani wananiita Mtandao, maana jambo likitokea, kabla halijaisha mimi nimeshalirekodi. Jina nililipenda sana. Nilidhani ni sifa.

Bibi ni kiongozi wa maombi kanisani kwetu. Mgonjwa, mwanafunzi wa mtihani, mtu aliyefukuzwa kazi, wote wanakuja nyumbani kuombewa. Na kila Jumatano jioni anakuja rafiki yake, Mama Cherehani, fundi wa nguo wa nyumba ya tatu. Miaka thelathini na moja wamekaa viti viwili vilevile wakiomba pamoja. Wakimaliza wanaanza kutaniana.

"Leo umeomba kwa haraka, una nini?" Bibi anauliza.

"Nina gauni la bibi harusi kwenye mashine. Mungu anaelewa. Bibi harusi haelewi."

Mama Cherehani ana mtoto mmoja wa kiume, mwalimu wa sekondari, na kila mtu anamwita Mwalimu. Mwaka huo Mwalimu aligombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa Bwana Mbao, yule mwenye ghala kubwa la mbao karibu na stendi.

Basi Jumamosi moja mchana, gari likasimama mlangoni kwetu. Akashuka Bwana Mbao, peke yake, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja uniombee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini ujue mimi siombei chama."

"Najua, Mama. Niombee mimi tu."

Bibi akasimama, akamwekea mkono kichwani. Mimi simu ilikuwa imeshawaka, hata sikumbuki niliiwasha saa ngapi. Bibi akaomba: "Bwana, mtazame mtoto wako huyu. Umpe hekima. Umfungulie mlango ambao mwanadamu hawezi kuufunga." Sauti yake ilikuwa nzuri, mpaka mwili ukanisisimka. Kisha, bila kuvuta pumzi, akamuombea na Mwalimu, tena kwa muda mrefu zaidi. Ndivyo Bibi alivyo. Haombei mshindani mmoja akamwacha mwenzake.

Bwana Mbao akasema amina, akashukuru, akaondoka.

Mimi nikabaki na video ya dakika mbili na nusu. Nikitaka kuiweka stetasi, haikubali zaidi ya nusu dakika. Nikafanya nini? Nikakata. Nikachukua kile kipande cha mwanzo chenye mlango usiofungwa na mwanadamu, nikaandika chini yake: "Mama wa maombi amesema." Nilijua nimekata nini. Sitakuambia sikujua. Lakini watu walianza kuitazama, mia moja, mia tatu, na mimi nikawa nahesabu kama mtu anayepanda ngazi. Jioni simu ikagoma, imejaa. Nikafuta video nyingi kupata nafasi, na ile ndefu ikaenda na nyingine.

Siku ya tatu tuko jikoni. Likapita gari la matangazo la Bwana Mbao, muziki juu, halafu muziki ukashuka, ikatoka sauti: "Umfungulie mlango ambao mwanadamu hawezi kuufunga." Kisha kijana fulani akadakia, "Mmesikia wenyewe. Kanisa limeshasema. Kura zote kwa Bwana Mbao."

Bibi akaacha kuchambua mchele. Akabaki na ungo magotini.

"Mtandao, hiyo si sauti yangu?"

"Labda ni mtu mnafanana sauti, Bibi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye mchele. Lakini vidole vyake vilikuwa vinapitisha mawe.

Jumatano ikafika. Bibi akapanga viti viwili. Kimoja kikabaki kitupu mpaka tukavirudisha ndani. Siku ya pili mwuza mboga akamcheka sokoni: "Bibi, kumbe wewe ni mtu wa Bwana Mbao? Na urafiki wote ule?"

"Mimi niliwaombea wote wawili," Bibi akasema.

"Bibi, tumeona kwa macho yetu. Mmoja tu."

Akaenda kwa Mama Cherehani. Binti anayejifunza kushona akamwambia mlangoni kwamba fundi amelala. Wakati huohuo mashine ilikuwa inasikika ndani, tiki tiki tiki. Bibi akasema tu, "Akiamka mwambie niliwaombea wote wawili." Tukarudi. Njia nzima hakunitania hata mara moja.

Usiku ule ule hakula. Asubuhi akaniuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeogopa jibu:

"Siku ile ulikuwa na simu. Ilishika maombi yote?"

"Ilijaa, Bibi. Nikafuta."

"Nilimuombea Mwalimu, au nilisahau?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili tu yalitosha. Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Akatikisa kichwa. "Basi nilisahau. Uzee huu, mjukuu wangu. Unaanza na miguu, unamalizia na kichwa. Nimemsahau mtoto niliyembeba mgongoni."

Akaenda kwa mchungaji, akamwomba ampumzishe uongozi wa maombi. Kwamba akili yake haiaminiki tena.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Jumatatu baada ya shule nikaenda kwa Mama Cherehani nimwambie. Nilijipanga njia nzima, nikarudia maneno kama shairi la mtihani. Nikaingia. Yuko kwenye mashine, miwani puani, amekonda, mkono mmoja umeshikilia kifua.

"Umetumwa na bibi yako?"

"Hapana, Mama."

"Sasa umefuata nini?"

Nililishika shati langu la shule nikaanza kuzungusha kifungo, nikazungusha, kikang'oka. "Nimekuja unishonee kifungo."

Akanishonea. Alipokata uzi kwa meno akasema, "Kura ni ya mtu na moyo wake. Bibi yako ampe amtakaye, sina kinyongo. Kilichoniuma ni kunitumia salamu kwamba alimuombea na mwanangu. Miaka yote hii hajawahi kunidanganya. Kwa nini aanze uzeeni?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Nikasema, "Asante kwa kifungo," nikatoka.

Alhamisi Mama Cherehani alifariki. Moyo. Alikutwa ameegemea mashine kama mtu aliyesinzia.

Bibi alipopata habari hakulia. Alivaa nguo yake ya kanisani, akakaa kitandani, akasema, "Tuliahidiana. Atakayetangulia, mwenzake atamuombea kaburini." Jumamosi tukaenda msibani. Uwanja ulikuwa umejaa, viti vya plastiki, mashati ya vyama vyote viwili, hata Bwana Mbao na watu wake walikuwa safu ya mbele. Wakubwa hawakosi penye watu wengi. Mchungaji alipotaja kwamba Bibi ndiye angeomba, Mwalimu akasimama. Hakupaza sauti.

"Mchungaji, samahani. Huyu mama ana mtu wake wa kumuombea. Leo atuache na mama yetu."

Bibi alikuwa ameshanyanyuka. Akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akaanza kurudi kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatembea kama bibi kweli, mkono unatafuta pa kushika.

Nikajikuta mbele.

"Mwalimu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Bibi aliwaombea wote wawili. Mimi ndiye niliyekata. Niliweka nusu."

"Hiyo nusu nyingine iko wapi?"

"Niliifuta."

"Kwa hiyo nikuamini mdomo tu. Mdomo uleule uliokaa kimya wiki mbili nzima."

"Ndiyo, Mwalimu." "Lakini naikumbuka. Alisema hivi: Na yule mwingine, Bwana, mtoto wa dada yangu wa sala, aliyejifunza kutembea ameshika gauni langu. Usimpe ubaba wa watu kabla hujampa uvumilivu wa mama yake. Akishinda, mpe hofu yako. Akishindwa, mpe usingizi."

Mwalimu aliketi. Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Binti wa kushona akapiga magoti pembeni yake. Mimi nikamgeukia Bwana Mbao, maana yeye naye alikuwepo, aliisikia sala yote kwa masikio yake. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Baadaye Mwalimu akafuta uso. "Mama alikufa akiamini amedanganywa na rafiki yake," akaniambia. "Hilo huwezi kulirudisha, na mimi siwezi." Kisha akamwendea Bibi, akamshika mkono, akampeleka mpaka kaburini.

Bibi alianza kuomba mara mbili, sauti ikakatika mara mbili. Mara ya tatu alisema tu, "Dada, nilikuja, ukawa umelala," akarudi nyuma. Mchungaji akamalizia.

Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama akakiri na yeye. Alisema alilisikia lile gari likipita, akajua si sahihi, akanyamaza kwa sababu Bwana Mbao ndiye aliyetuletea mbao za paa. Akasema mgombea akija kanisani atakaa benchi kama sisi, na gari lolote likilitumia jina la kanisa, ataenda mwenyewe kulisimamisha. Bibi akarudishiwa uongozi wa maombi. Uchaguzi ulipofika alishinda Bwana Mbao, kwa kura chache sana. Mwalimu alimpa mkono, akarudi darasani.

Bibi hakunipiga wala hakuninyang'anya simu. Ningetamani angefanya hivyo. Jumatano iliyofuata uchaguzi alipanga viti viwili, akaniambia nikae.

"Bibi, unadhani sasa Mama Cherehani anajua?"

"Sijui," akasema. "Natumaini. Lakini sijui."

Kisha akasema, "Sikiliza, mjukuu wangu. Wenye siasa tuwaombee, hata Bwana Mbao bado namuombea, tena sasa ndiyo anahitaji zaidi. Lakini sala si bango, mtu alikate apendavyo abandike ukutani kwake. Ukimtumia Mungu kutafutia kura, unamfanya Mungu mgomvi wa majirani. Na wewe usijifiche nyuma ya Bwana Mbao. Yeye alichukua nusu, lakini nani alimpa? Ukweli ukiukata unakuwa uongo, na uongo haungoji uwe tayari kuusahihisha. Siku uliyojua, siku hiyo hiyo ndiyo ungesema."

Nikamwambia anisamehe. Akasema alinisamehe tangu pale msibani, kisha akafumba macho, akaanza kuomba peke yake, akiacha nafasi mahali ambapo mwenzake alizoea kuitikia.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Umesimama mbele ya mtu anayekuamini, ukweli uko mdomoni, na aibu inakwambia unyamaze. Wewe ungefanyaje?