Jina la Safu ya Arobaini na Moja

YAH: OMBI LA KUBADILISHA KIENDESHI CHA DISKI (LISILO LA DHARURA), NAKALA TATU.

Ombi lilikaa wiki sita mezani kwa Bwana Etuale, mkuu wa rejista ya ardhi hapa kisiwani Savai'i, chini ya sahani ya panikeke, maandazi ya kwetu. Mafuta yalishalifikia. Saini, bado.

Wakati huo rejista ilikuwa inaoza. Kila asubuhi Vaosa, fundi wa kompyuta, aliandika kwenye safu ya arobaini na moja jina la mwenye shamba: Fuatino, mama yake. Kila jioni safu ilisoma jina jingine: Leutu. Na sasa ilibaki siku moja tu mahakama iisome rejista hiyo hiyo. Asiye na jina, hana shamba wala nyumba.

Jua likielekea kuzama, Vaosa alikwenda kumalizana nayo. Chanzo alishakijua. Kiendeshi, programu inayoiamuru diski, kilikuwa kikitangaza "imeandikwa" kabla diski haijaandika. Kisha baragumu la sala likipulizwa, mzee Sefulu, mlinzi, hukata umeme, na jina ambalo diski haijaliandika hupotea. Saa ya sala, alisema, hata mashine inyamaze.

"Kumbe mchawi wangu ni wewe, mzee."

"Siku hizi mchawi anatumia swichi? Basi tumeendelea, binti."

Vaosa hakucheka. Aliweka kiendeshi kipya bila idhini ya mtu, akaandika jina la mama yake, akasimama mbele ya swichi na spana mkononi.

Baragumu likalia.

Umeme haukukatika. Lakini chumba kile kisicho na dirisha kikajaa harufu ya maua ya moso'oi, mlangilangi wa kwetu... nzito, mbichi, kama ya shada la maiti.

Krr... krr... Diski ilikuwa ikiandika.

Kwenye skrini, Fuatino akafutika herufi moja moja.

Leutu. Imeandikwa. Imehakikiwa.

Sefulu alinong'ona bila kuinua macho. "Shangazi wa babu yako huyo. Mwaka wa homa kuu walimtupa shimoni na wenzake, bila jina. Ardhi yake mliigawana shimo halijafukiwa."

"Na mama yangu ana kosa gani?" Vaosa hakumuuliza Sefulu. Aliiuliza harufu. "Alikuwa hajazaliwa. Waandame walioiba!"

Harufu ikasogea. Ikamkaa shingoni.

Aliandika jina la mama yake mara kumi na moja. Mara kumi na moja lilifutika. Nakala za akiba nazo zilisema Leutu.

Asubuhi mahakama iliisoma rejista kama ilivyo. Bwana Etuale alieleza kwamba kiendeshi kipya hakina kasoro yoyote, isipokuwa kimewekwa bila idhini. Shamba alipewa Leutu, aliyefariki mwaka 1918. Fuatino alihama Jumamosi.