Magunia ya Alhamisi

Katikati ya soko la Voi, baina ya meza ya nyanya na ya omena, alisimama mwanamke mwenye sketi ya kitenge cha manjano. Mbele yake palikuwa na mapipa mawili mapya. La kijani, alieleza, ni la maganda na mboga zilizooza. La buluu ni la chupa, karatasi na mikebe. Aliitwa Jedidah, afisa wa mazingira wa mji, na alikuwa akirudia maneno hayo tangu saa mbili asubuhi bila kuinua sauti.

Mwanamume mrefu mwenye kofia iliyochujuka na gunia begani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole:

"Madam, na lori lina rangi gani?"

Akina mama wa mboga wakacheka. Wote walijua kwamba lori la taka lilikuwa moja, na mapipa yote mawili yangemwagwa humo humo.

Jedidah hakukasirika. Alifungua daftari lake, akaliandika swali lile, halafu akamtazama mwenye swali. Alikuwa na mikono mikubwa, safi kuliko alivyotarajia.

"Unaitwa nani?"

"Wambua. Wa chupa."

"Basi, Wambua wa chupa, nionyeshe unachojua wewe."

Alimpeleka Birikani, kwenye kiwanja nyuma ya duka la magodoro. Hapo yeye na dada yake Koki walitenganisha chupa kwa rangi, wakazitoa vifuniko na kuzishindilia kwenye magunia. Koki alifunga kila gunia kwa kipande cha leso kuukuu. Kila baada ya miezi mitatu mnunuzi alikuja na lori lake kutoka Mombasa kuyachukua.

Jedidah alimweleza kwamba sheria inaitaka kaunti iwe na mahali pa kutenganishia taka kabla hazijafika jaani, na kwamba Voi bado haina.

"Papo," Wambua alisema. "Umepakanyaga."

Kwa wiki tatu walitembea mji mzima pamoja, Jedidah na daftari, Wambua na gunia. Alijifunza ni mkahawa gani hutupa nini, na ni pembe ipi upepo wa Voi hukusanya karatasi zote. Siku moja, wakipumzika nyuma ya stendi, Wambua alitaka kujua kwa nini msichana aliyesoma akachagua kazi ya takataka. Jedidah akamsimulia kuhusu mbuzi wa mama yake kule Werugha, aliyevimba tumbo wiki nzima na kufa. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na mfuko wa nailoni uliojisokota kama kamba. Maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha. Wambua hakucheka wala hakumpa pole ya haraka. Aliinama, akamtolea kokoto iliyokuwa imenasa kwenye soli ya kiatu chake.

Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekula?" Jedidah angeuliza.

"Nimekula, mpenzi."

"Na kunawa?"

"Mara tatu."

"Ya nne nitaikagua mwenyewe."

Ni Wambua aliyemshauri kwamba lori lisipite Ijumaa. Mabaki ya siku ya soko, Jumatano, hulala siku mbili yakiita nyani na inzi. Lipite Alhamisi, alfajiri. Jedidah aliona ni shauri zuri. Aliandika pendekezo, mkubwa wake akalikubali, na barua ikapelekwa kwa kila ploti iliyo kwenye rejista ya mji. Orodha ya barabara za lori aliitia sahihi yeye.

Jedidah hakumwambia Wambua kuwa pendekezo limekubaliwa. Alhamisi ya kwanza ya ratiba mpya alikuwa amealikwa Mwatate, kuwaeleza wakubwa wa kaunti kuhusu kiwanja cha nyuma ya duka la magodoro. Alitaka jioni ampe habari zote mbili kwa pamoja, auone uso wake. Barua ya ploti ile ilipokelewa na mwenye duka, akaitia kwenye droo. Mpangaji wa kiwanja hakuwa na namba, kwa hiyo hakuwa na barua.

Na Alhamisi hiyo ndiyo mnunuzi wa Mombasa alikuwa anakuja.

Magunia arobaini yalipangwa kando ya barabara kabla ya jua. Lori la mji likafika kwanza. Gibson, dereva wake, mzee asiyependa kubishana, alimwonyesha Koki karatasi: kila kilicho nje ya geti Alhamisi ni taka. Koki aliyakumbatia magunia mawili akilia. Mengine yalipakiwa. Wambua alipofika akikimbia alikuta vumbi, dada yake, na nakala ya orodha chini. Aliisoma hadi mwisho, kwenye sahihi.

Alipiga simu mara tisa. Jedidah alikuwa ameizima simu yake kwa ajili ya mkutano. Saa tisa alasiri aliiwasha akiwa na furaha.

"Mpenzi, nina habari —"

"Jina lako liko hapa chini," Wambua alisema. Sauti yake haikuwa kali. "Nilikutembeza mji huu wiki tatu. Ulipomaliza kujifunza ukatuma lori?"

Jedidah alihitaji muda kuelewa. Kisha akasema jambo ambalo angelijutia: kwamba barua ilipelekwa kwa kila ploti.

"Mimi sina ploti, Jedidah."

Akakata.

Wambua alikuwa na sababu ya kuumia, na Jedidah hakuwa na nia mbaya. Lakini usiku ule kila mmoja alilishika lake tu. Ijumaa ikapita bila simu. Wambua alikaa kiwanjani na magunia yake mawili. Mnunuzi alikuwa amemwambia kwamba asipopata mzigo kufikia Jumatatu atahamia Mtito Andei, na akihama, kiwanja kingefungwa. Jedidah alitazama daftari, akafika kwenye swali la kwanza aliloliandika sokoni, akalifunga daftari.

Jumamosi asubuhi alivaa gambuti na dera kuukuu, akajifunga leso kichwani, akamwomba mzee Gibson ampeleke jaani.

"Huko si mahali pako, mwanangu," Gibson alisema.

"Sahihi ni yangu, mzee. Twende."

Jaa lilikuwa likifuka moshi upande wa chini, na moshi ulikuwa ukipanda polepole kuelekea mzigo wa Alhamisi. Jedidah aliyatambua magunia kwa vipande vya leso. Alivuta moja, akateleza, akavuta tena. Gibson alimtazama kwa muda, kisha akapiga simu.

"Wambua? Njoo umtoe bibi yako jaani. Mimi nimeshindwa."

Alipofika, Jedidah alikuwa mweusi wa masizi hadi kwenye nyusi. Nyuma yake magunia kumi na tisa yalikuwa yamepangwa kwa safu.

"Utaungua," Wambua alisema.

"Yako mengine kule juu. Manne yameshaungua, nisamehe."

"Jedidah, toka."

"Sitoki bila yale."

Wambua alivua shati lake akalifunga puani, akapanda. Walifanya kazi mpaka la mwisho, la thelathini na nne. Kisha wakaketi kwenye ngazi ya lori, wakikohoa.

Jedidah alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye gambuti. Ilikuwa orodha mpya ya barabara, yenye muhuri. Jana yake aliipeleka kwa mkubwa wake na kusimama mezani mpaka ikapigwa muhuri, kwa majaribio ya miezi mitatu.

"Fomu ilikuwa na nafasi ya namba ya ploti tu," alisema. "Nimeongeza safu ya watu wasio na ploti. Soma mstari wa kwanza."

Uliandikwa: *Birikani, nyuma ya duka la magodoro. Wambua na Koki. Lori lianzie hapa, lishushe vya buluu, ndipo liende jaani.*

Wambua aliusoma mara mbili.

"Kwa hiyo lori limepata rangi," alisema.

"Limepata. Na mimi nilipaswa kukuambia. Nilitaka kukushangaza."

"Ulinishangaza." Akampangusa masizi kwenye nyusi kwa kidole gumba. "Leo nitanawa mara ya nne. Nikague mikono."

Jumatatu mnunuzi alipakia mzigo wake.

Miezi mitatu ilipokwisha, majaribio yaliongezwa. Wambua alipiga simu akasema kwao Wakamba mwanamume hupeleka mbuzi watatu wa posa kwa kina msichana, huitwa ntheo, na akauliza kama mbuzi watapokewa Werugha.

"Mama atakubali," Jedidah alisema, akilia na kucheka. "Lakini wasiwe mbuzi wa mjini."

Siku Wambua alipowafikisha mbuzi Werugha, mama alitoka na kanga yake ya Jumapili. Kabla ya kumkaribisha mgeni chai, aliinama, akapapasa matumbo ya mbuzi mmoja baada ya mwingine, kwa makini, kwa mikono miwili.

"Hawa wamelishwa nini, baba?"

"Majani tu, mama. Niliwachunga mwenyewe."

Mama akazichukua kamba mkononi mwake, akawafunga kwenye kigingi ambacho hakikuwa kimefungwa mbuzi kwa miaka kumi na miwili.