Kadi ya Kumi na Mbili

Kila alasiri akitoka shule, Ndoto hukaa chini ya meza ya mama yake, pale vinapoangukia vipande vya vitambaa. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya kuduwaa kwake. Mama yake ni fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndipo kazini kwake. Cherehani ikianza kunguruma, Ndoto huona kama chumba kizima kinaelea.

Siku hizo alikuwa na ndege. Walikaa ndani ya simu ya mama, katika mchezo wa bure. Ukiuacha wazi nusu saa, kadi yenye picha ya ndege hushuka polepole kama unyoya, ikawa yako. Ndoto alishapata kumi na moja. Ilibaki moja tu, ya ndege mwenye rangi ya mapambazuko. Lakini ukifungua ujumbe, mchezo huanza kuhesabu upya. Kwa hiyo alizima mlio wa simu, akaificha chini ya mabaki ya hariri.

"Wewe Ndoto, uko wapi?" mama aliuliza.

"Nipo hapa, mama."

"Mwili nauona. Namuuliza mwenyewe." Mama alicheka, akatandaza kitambaa cha buluu mezani. "Simu unayo wewe? Yule muuguzi wa zahanati anayeshonewa gauni hili ni mjamzito, tumbo limeanza kukua. Alisema atanitumia vipimo vipya kabla ya saa kumi."

"Simu haijalia, mama."

Hilo lilikuwa kweli.

"Basi vya zamani bado vinamfaa. Ngoja nikate. Nikikosea hapa sina pa kukimbilia, kitambaa hiki aliachiwa na marehemu mama yake."

Ndoto alichungulia simu. Zilibaki dakika mbili. Juu ya kioo, mwanga wa waridi ulikuwa umeanza kushuka. Juu ya meza, mkasi ulifunguka. Alimkumbuka muuguzi, aliyemfunga kidonda cha goti huku akimpulizia ili kisiwashe. Akamwona akilini amesimama mbele ya kioo, akivuta gauni lisilofunga.

"Mama, usikate!"

Alitoka chini ya meza na kufungua ujumbe. Ule mwanga ukazimika. Vipimo vilikuwa vimefika robo saa iliyopita, na kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi nne.

Mama aliweka mkasi chini, akaketi.

"Kumbe haikulia kwa sababu uliizima."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nasubiri kadi. Nisamehe."

Mama alifuta mistari ya chaki kwa kiganja. Kisha akamvuta mwanawe karibu.

"Umenitisha, mwanangu. Ukisema kweli na kuficha nusu yake, bado umenidanganya. Na kitu kikiitwa cha bure, jiulize kinachukua nini. Leo kilikaribia kuchukua gauni la mtu. Lakini ulisema kabla sijakata, ukijua utampoteza ndege wako. Hapo nimekuona wewe mwenyewe."

Mama akanakili vipimo kwenye karatasi, akarudisha mlio, na simu ikaingia mfukoni mwake.

"Haya, shika ncha ya utepe wa kupimia."

Ndoto alishika, akasoma vipimo vipya kwenye karatasi kwa sauti, kimoja kimoja, mama akachora upya kwa chaki. Mkasi ukaanza kutembea, na kitambaa kikafunguka mezani, buluu tupu, kipana kama anga la asubuhi.