Walisema Baba Si Mkristo

Nina miaka thelathini na mitatu, sijaolewa, na kazi yangu ni kushona nguo hapa mjini Nyeri. Wasomaji wenzangu, wengi hudhani mimi ni mwanamke wa maringo. Laiti wangejua yaliyonipata!

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikiishi kijijini kwetu Giakanja. Nilikuwa mchumba wa Mwaniki, mwalimu kijana, mpole, asiyekosa kanisani. Mahari ilikuwa imekubaliwa na kitambaa cha gauni kimekatwa. Nani alikuwa na furaha kuliko mimi?

Ndipo baba yangu akaanza kupotea Jumapili. Yeye alikuwa seremala na mzee wa kanisa, lakini sasa alipanda gari la kwenda mji wa Kutus asubuhi akarudi jioni, bila kueleza alikokuwa. Mama alishuku kuna mwanamke. Alinusa koti lake, akapekua mifuko. Hata mimi nilianza kumtazama baba kwa jicho la pembeni...

Jumapili moja mama alimfuata. Alirudi akanivuta jikoni.

"Heri ingekuwa mwanamke," akaniambia. "Ati Yesu si Mungu!"

Alimkuta baba katika chumba nyuma ya duka la nafaka, pamoja na watu wachache waliojiita Wayunitari. Walisoma Biblia hii hii yetu. Lakini walisema Mungu ni mmoja tu, hana nafsi tatu, na Yesu ni mwanadamu aliyetumwa naye, wa kufuatwa, si wa kuabudiwa.

Mama alimwambia mwanamke mmoja wa kanisa, tena kwa kumwomba amwombee baba. Kufikia siku ya soko, Giakanja nzima ilikuwa inajua! Wengine waliongeza kwamba kule Kutus wanaabudu nyoka. Majirani waliacha kunywa chai kwetu. Aliyekuwa ameagiza kitanda kwa baba akasema hakihitaji tena.

Kisha wazee wa kanisa wakaja nyumbani. Mwaniki naye aliitwa, maana harusi ilikuwa karibu. Nilikaa mlangoni nikisikiliza.

"Asiyekiri Utatu si Mkristo," mzee mmoja alisema. "Hawezi kumpeleka binti madhabahuni."

Baba alijibu polepole, "Nampenda Yesu. Najaribu kumfuata kila siku. Kama mimi si Mkristo, basi mniite nani?"

Mzee akamgeukia Mwaniki. "Na wewe mwalimu, umewahi kufika huko?"

"Mimi? Sijawahi! Sijui mtu hata mmoja huko."

Baba alimtazama kwa muda mrefu... kisha akainamisha kichwa. Kwa nini alimtazama hivyo? Swali hilo lilininyima usingizi. Nikakumbuka jinsi Mwaniki alivyofunga midomo kila mchungaji alipobariki kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nilidhani ana haya tu!

Siku chache baadaye mama mmoja alitoka Kutus kuja kumpa baba pole. Aliitwa Mama Muthoni, mwenye lile duka la nafaka, na alituletea mchele. Nilimkaribisha kwa shingo upande. Alipokuwa akinywa chai akauliza, bila hila yoyote:

"Na mwalimu Mwaniki ni mgonjwa? Yeye ndiye aliyemleta baba yenu kwetu, na sasa hata yeye haji."

Wasomaji, kikombe kilinitoka mkononi.

Nilimgeukia baba. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Ni mchumba wako," akasema. "Ningemtaja, harusi yako ingekufa."

Nilienda moja kwa moja hadi Skuta, alikopanga Mwaniki. Hakukana. Alisema shule yake ni ya kanisa na angefukuzwa kazi. "Nyawira, tuoane kwanza. Baadaye tutaamini tunavyotaka."

"Na siku wakikuuliza kuhusu mimi?" nikamuuliza. "Utasema pia hunijui?"

Hapo hapo nikavua pete yake nikamrudishia. Nililia njia nzima!

Baba alifariki miaka michache baadaye. Mchungaji alikataa kumzika. Mama Muthoni na wenzake ndio waliokuja, wakaomba, wakamrushia udongo. Mama alisimama kando akilia peke yake, hajui aombe na nani. Mwaniki sasa ni mwalimu mkuu na mzee wa kanisa.

Mimi bado ninaomba kwa jina la Utatu. Sikukubaliana na baba hata siku moja, na sijui kama mbinguni watamwita Mkristo. Hilo namwachia Mungu.

Lakini nyinyi dada zangu mnaoposwa, nawasihi! Msimwulize mtu anasali wapi tu. Mwulizeni anaamini nini, na angalieni kama atasema neno lile lile mbele ya watu wanaoweza kumnyima chakula. Mimi sikuuliza. Na mtu pekee aliyesema kweli mbele ya wazee siku ile tulimzika bila kanisa.