Dawa ya Kunguni Ndani ya Bunduki Yangu ya Rangi

Nilifungua kikombe cha bunduki yangu ya kupulizia rangi, nikapigwa na harufu iliyonifanya nikimbilie mlangoni kutapika.

Haikuwa rangi. Haikuwa tina ya kuyeyushia rangi. Ilikuwa dawa ya kunguni...

Na kwa bunduki hiyo hiyo nilikuwa nimepaka kitanda cha mtoto wa dada yangu. Mtoto aliyesubiriwa miaka tisa, na asubuhi hiyo alikuwa anatoka hospitali.

Ndugu zangu, wengi wenu mnadhani bunduki ya rangi ni bunduki tu. Thubutu! Mimi ni fundi wa rangi za samani, ninazo tatu. Ile kubwa yenye kopo chini ni ya mageti na kuta, inamwaga rangi haina adabu. Ile ndogo kabisa ni ya pembe na nakshi. Ya tatu kikombe chake kiko juu, tundu lake dogo, inatoa ukungu laini. Hiyo ni ya vitu vinavyogusa ngozi ya mtu, na haishikwi na yeyote ila mimi.

Tena nina kinyaa, sifichi. Glasi yangu hanywei mwingine. Nikienda kwa watu, hata kwa dada yangu, nafuta kiti kwanza ndipo nikae.

Wiki nzima nilikuwa kwenye mageti. Siku hiyo naitafuta ile ya tatu, siioni. Naikuta imesukumwa nyuma ya makopo matupu, inanuka vile.

Mume wangu, tunayefanya naye kazi karakana moja, alikuwa anakaza mpira wa kompresa.

"Nani kashika bunduki yangu?"

Hakugeuka.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi."

"Umepulizia nini?"

"Kunguni."

"Wapi?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

Akainama, akaendelea kukaza mpira uliokwisha kukazwa.

"Kwa nini hukuchukua ile kubwa?"

"Ile inamwaga. Kunguni wako kwenye nyufa, wanataka ukungu mwembamba. Si wewe ulinifundisha kila kazi ina bunduki yake?"

Jamani... Mtu anakuchafulia chombo cha riziki yako, halafu anakusomea somo lako mwenyewe! Nilimtazama mwanamume niliyeishi naye miaka kumi na moja, nikaona kama kunguni wanamtembea shingoni.

"Mara ngapi?"

"Mbili. Wiki tatu zilizopita, na wiki iliyopita. Mayai huanguliwa, lazima urudie. Ya kwanza niliiosha kwa tina, nikadhani imetakata."

Wiki tatu zilizopita...

Ndipo nilipopaka kile kitanda. Rangi ilikataa kulala, ikajaa vishimo kama vya ncha ya sindano. Nikamfuata muuza rangi dukani kwake, nikamwita tapeli mbele ya wateja. Kisha nikapiga msasa, nikapuliza upya. Kwa bunduki ile ile.

Na mume wangu alikuwa kando yangu, anasikia nikimtukana mtu asiye na kosa, akafunga mdomo.

"Wewe ni mchafu," nikamwambia. "Sisemi mikono. Nakusema wewe."

"Mke wangu, subiri nikueleze..."

Sikusubiri. Nilitoka na aproni yangu, nikikimbia huku nampigia dada simu. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei. Kichwani naona kitoto cha siku tatu kinalamba ubao wenye sumu, na aliyeipaka ni mimi.

Nafika, naona kitanda kiko nje. Kimeegemezwa ukutani, kando ya pipa la taka.

Niliingia bila hodi. Dada amekaa kwenye kochi. Mtoto amelala ndani ya beseni jipya lililotandikwa mashuka.

"Hajalala kwenye kile kitanda?"

"Hata kukigusa. Shemeji alinikataza tangu siku mlipokileta, akasema rangi ile imeshika dawa."

"Kwa nini akukataze wewe, asiniambie mimi?"

Dada akaangalia sakafu.

"Kwa sababu kunguni walikuwa kwangu, mdogo wangu."

Macho yangu yakaenda kwenye kochi.

"Walikuja na godoro tulilopewa. Mimba kubwa, nakesha nikijikuna. Nikamwomba shemeji, nikamwapisha asikwambie."

"Mimi ni ndugu yako wa tumbo moja..."

"Ndugu yangu anayefuta kiti changu kila akija. Mbele ya mume wangu. Mbele ya wakwe zangu. Ningekwambia nina kunguni, ungekanyaga tena humu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini tayari nilikuwa nimeinua gauni lisiguse kochi.

Wapendwa, kinyaa chote nilichombebea mume wangu njia nzima kilinigeukia mwenyewe. Nilijiona, na sikupenda nilichokiona.

Sisemi mume wangu alifanya sawa. Sumu ni sumu, na kiapo alichomlia dada hakikumzuia kunizuia nisipulize. Hilo nimemwambia na amekubali. Kitanda tumekivunja, seremala anaunda kingine, nami nimechagua bunduki mpya ambayo haijawahi kuonja kitu. Ile ya zamani nimeipaka mpini rangi nyekundu, ni ya wadudu mpaka ife. Na muuza rangi nimemwomba radhi mbele ya wateja, kama nilivyomtukana.

Kwa hiyo mafundi wenzangu, chombo kilichopulizia dawa kisirudi kwenye rangi, hata ukioshe kwa pipa zima la tina. Na wewe unayewakunjia watu wako pua, ujue wataacha kukuambia hata lile linaloweza kumuua mtoto.

Siku ile dada alinisogezea nafasi kwenye kochi. Mkono wangu ukaenda mfukoni kwenye kitambaa, kama kawaida yake.

Nikautoa mtupu, nikakaa. Dada akanipa mtoto nimshike.